Amistad, Belle au 12 Years a Slave: ipi uonyeshe kwa darasa, familia au kikundi chako

Ukitafuta filamu ya kihistoria kuhusu Waafrika waliotiwa utumwani na mapambano ya uhuru mahakamani, majina matatu hujitokeza kila mara: Amistad ya mwaka 1997, Belle ya mwaka 2013 na 12 Years a Slave ya mwaka huohuo wa 2013. Mwalimu anaitaka kwa kipindi cha historia, kikundi cha vijana kinaitaka kwa Jumamosi jioni, mzazi anataka kukaa na wanawe wakubwa. Zote tatu zinahusu watu waliokuwepo kweli na kesi zilizobaki kwenye kumbukumbu za mahakama. Lakini hazifanani kazi. Anayechukua yoyote iliyo karibu anaweza kujikuta anawaonyesha watoto wa darasa la sita mwanamke akichapwa viboko hadi ngozi inachanika, au amewaahidi watu kesi kisha wanasubiri saa mbili bila kuona hakimu.

Vipimo tutakavyotumia

Cha kwanza ni kesi yenyewe: nani anamdai nani, anadai nini, na sheria gani inabishaniwa. Cha pili ni sauti ya Waafrika: wanasema wenyewe au wanasemewa? Cha tatu ni uaminifu kwa historia, maana kila filamu hubadilisha mambo, na mengine yanaharibu somo kuliko mengine. Cha nne ni ukali wa picha na umri wa watazamaji. Cha tano ni mambo ya utendaji: urefu, lugha, na yanayoharibika siku ya kuonyesha.

Uzito wake si sawa. Kipimo cha pili ndicho kinachobeba mengi. Katika kesi nyingi za zama zile, aliyekuwa anazungumziwa ndiye aliyezuiwa kuzungumza, na filamu hizi tatu zinalikabili jambo hilo kwa njia tatu tofauti kabisa.

AMISTAD (1997)

Imeongozwa na Steven Spielberg. Urefu ni saa mbili na dakika 35 hivi.

Kesi. Hapa mahakama ndiyo uti wa mgongo wa hadithi. Mapema Julai 1839, karibu na pwani ya Cuba, Waafrika waliofungwa ndani ya merikebu La Amistad walijifungua, wakamuua nahodha na mpishi, wakawaacha hai Wahispania wawili, José Ruiz na Pedro Montes, ili wawaendeshee merikebu kurudi Afrika. Mchana Wahispania hao walifuata jua la mashariki kama walivyoamriwa. Usiku waligeuza tanga kuelekea kaskazini na magharibi. Tarehe 26 Agosti merikebu ilikamatwa na jeshi la maji la Marekani karibu na Long Island, na watu wakapelekwa Connecticut na kutiwa jela.

Watazamaji wengi hupotea katika kikao cha kwanza cha mahakama, ambapo wadai wanasimama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na karatasi zake. Upande wa serikali ya Marekani unawadai mateka kwa niaba ya Malkia Isabella II wa Hispania, aliyekuwa bado mtoto. Maofisa wa jeshi la maji wanadai malipo ya kuokoa chombo na shehena baharini, na kwao watu ni sehemu ya shehena. Ruiz na Montes wanatoa hati za ununuzi za Havana. Kisha anasimama wakili wa mateka, Roger Baldwin, na kuuliza swali moja: watu hawa walizaliwa wapi?

Kesi nzima imening'inia kwenye swali hilo, na usipolieleza kabla ya kubonyeza kitufe, nusu ya watazamaji wataona zogo tu. Kwa mkataba wa Uingereza na Hispania wa mwaka 1817, Hispania ilikubali kupiga marufuku biashara ya watumwa kutoka Afrika kuanzia 1820. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Cuba. Kwa hiyo aliyezaliwa Cuba utumwani alikuwa mali mbele ya sheria ya Hispania, lakini aliyeletwa kutoka Afrika mwaka 1839 alikuwa mtu huru aliyetekwa nyara, na kumpiga aliyemteka kulikuwa ni kujitetea. Ndiyo maana hati za Ruiz na Montes ziliwapa mateka majina ya Kihispania: kiongozi wao, Sengbe Pieh, akaandikwa kama José Cinqué, ili aonekane mzaliwa wa pale. Na ndiyo maana karatasi za Tecora, merikebu iliyowavusha kutoka pwani ya Sierra Leone hadi Havana, zinakuwa na thamani kubwa zinapojitokeza kwenye filamu. Andika ubaoni majina mawili, Tecora na La Amistad, na chini yake swali "Walizaliwa wapi?" Dakika tatu za maelezo hayo zitaokoa saa mbili.

Sauti. Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin, ndiye Sengbe Pieh, na sehemu kubwa ya maneno yake ni Kimende, lugha ya kwao Sierra Leone. Mwanzoni Kimende kinaachwa bila tafsiri. Mtazamaji anasikia watu wakibishana na hajui wanasema nini, hali ileile waliyokuwa nayo wanasheria wa New Haven, mji wa Connecticut kesi ilikosikilizwa. Kisha inakuja sehemu ya mkalimani. Katika historia, profesa Josiah Gibbs wa Chuo Kikuu cha Yale alijifunza kwa mateka kuhesabu moja hadi kumi kwa Kimende, akaenda kwenye gati za New York akizitamka tarakimu hizo mbele ya kila baharia mweusi, mpaka mmoja akamwelewa. Alikuwa James Covey, kijana aliyewahi kuokolewa mwenyewe kutoka merikebu ya watumwa. Katika filamu kazi ya kuzunguka bandarini wanapewa wakili na mwenzake, lakini kiini kimebaki: sauti ya mtu anayehesabu katikati ya makelele ya bandari, kisha kijana mmoja anageuka. Covey anaigizwa na Chiwetel Ejiofor, na hiyo ndiyo filamu yake ya kwanza ya kumbi za sinema.

Kuanzia hapo Sengbe anatoa ushahidi, na ushahidi huo unaonyeshwa kwa picha: kukamatwa kwake, ngome ya watumwa ya Lomboko, safari ya Tecora. Baadaye anasimama mahakamani na pingu mikononi, akirudia kwa Kiingereza alichokiokota gerezani kwamba wapewe uhuru wao. Ni sehemu yenye nguvu kuliko zote. Udhaifu uko mwishoni. Hotuba ya kuhitimisha katika Mahakama ya Juu ni ya John Quincy Adams, rais wa zamani, na Sengbe anabaki kutazamwa. Waafrika wengine waliokuwa naye karibu hawana majina mdomoni mwa mtazamaji filamu inapokwisha.

Historia. Tarehe, majina ya wadai na hoja ya kisheria viko sawa kwa kiasi kikubwa. Yaliyobadilishwa yanastahili kutajwa moja moja, kwa sababu wanafunzi huyabeba hadi kwenye mtihani.

Theodore Joadson, Mwafrika-Mmarekani tajiri anayeigizwa na Morgan Freeman, ni wa kubuni. Hili linasikitisha, kwa sababu wanaharakati weusi halisi walikuwepo. Mchungaji James Pennington wa Hartford, aliyetoroka utumwani Maryland, aliongoza michango na mipango kwa ajili ya mateka hao. Nafasi ya kumtambulisha ilikuwepo ikapotea.

Baldwin wa filamu ni kijana wa kesi za mali anayehangaika kupata wateja. Baldwin halisi alikuwa na umri wa miaka 46, wakili mwenye jina, mpinga utumwa, na baadaye gavana wa Connecticut.

Filamu inasema rais Martin Van Buren alimwondoa hakimu wa kwanza na kumweka kijana aitwaye Coglin. Halikutokea. Kesi ilisikilizwa na Andrew Judson tangu mwanzo, mtu yuleyule aliyekuwa mstari wa mbele kuifunga shule ya wasichana weusi ya Prudence Crandall katika jimbo hilohilo. Hata hivyo, Januari 1840 aliamua kwamba mateka walizaliwa huru Afrika. Ukweli huo unafundisha kuliko hakimu wa kubuni: hoja ya kisheria ilikuwa nzito kiasi cha kumbana hata mtu asiyewapenda.

Sengbe hakuwepo Washington. Yeye na wenzake walikuwa wamefungwa Connecticut wakati rufaa ikisikilizwa Februari na Machi 1841. Adams, mwenye miaka 73, alizungumza takriban saa nane kwa siku mbili tofauti, na maneno ya kwenye filamu yameandikwa upya. Ngome ya Lomboko inaonyeshwa ikibomolewa baada ya hukumu, wakati vituo vya watumwa vya eneo hilo vilichomwa na nahodha Mwingereza Joseph Denman mwishoni mwa 1840, kabla ya hukumu.

La mwisho ndilo kubwa. Hukumu ya tarehe 9 Machi 1841, iliyoandikwa na jaji Joseph Story, haikupinga utumwa. Iliwaachia huru waliotekwa kinyume cha sheria, basi. Antonio, kijana mtumwa wa nahodha aliyeuawa, mahakama ziliamua arudishwe Cuba kwa warithi wa bwana wake kwa sababu yeye alikuwa mtumwa kihalali; akatoroka akakimbilia Kanada. Wala mahakama haikuamuru serikali igharimie safari ya kurudi Afrika. Wafuasi walichangisha fedha, na watu 35 waliobaki hai waliondoka Novemba 1841 wakafika Freetown Januari 1842. Mtazamaji asiyeambiwa haya huondoka akiamini kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani ililaani utumwa miaka 20 kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Ukali. Filamu inaanza na vidole vinavyovuja damu vikichimba msumari kwenye ubao, kisha mauaji ya mapanga kwenye mvua. Sehemu ya Tecora ina watu uchi, viboko, mama anayejitupa baharini na mtoto wake, na mateka waliofungwa mnyororo mmoja wanaozamishwa kwa uzito wa mawe. Uingereza iliipa kiwango cha miaka 15, na ni kiwango cha haki. Usifikirie kuiruka sehemu ya Tecora: huo ndio ushahidi wa kesi. Ukiuondoa, mtazamaji hajui hakimu anapima nini.

Utendaji. Kwa vipindi viwili vya shule vya dakika 40 haitoshei. Igawe siku mbili, na mahali pazuri pa kukata ni mara tu baada ya Covey kupatikana, karibu na katikati. Tatizo la kawaida ni giza. Gereza na ngazi ya chini ya merikebu vimepigwa picha kwa mwanga hafifu sana. Projekta dhaifu kwenye chumba chenye madirisha wazi itatoa ukuta mweusi wenye sauti. Jaribu kwa sehemu ya mwanzo, saa ileile ya siku utakayoonyesha, ukiwa umekaa mstari wa nyuma. Ukiwa hapo angalia pia maandishi ya tafsiri chini ya picha: kama kichwa cha aliye mbele kinayaziba, inua picha juu ya ukuta. Maandishi hayo huwa ya Kiingereza, kwa hiyo kwa wasiosoma Kiingereza haraka, weka mtu wa kusimamisha na kueleza.

Inamfaa anayetaka kesi hasa: hoja, ushahidi, mkalimani, rufaa. Haimfai mwenye saa moja na nusu, wala mwenye watoto wadogo.

BELLE (2013)

Imeongozwa na Amma Asante, Mwingereza mwenye asili ya Ghana. Dakika kama 100.

Kesi. Kesi ya Zong haina mdai hata mmoja mweusi, na mwalimu lazima aliseme hilo mapema. Mwishoni mwa Novemba 1781, mabaharia wa merikebu Zong, iliyokuwa ikielekea Jamaica kutoka pwani ya Ghana ya leo na watu 442 ndani yake, walianza kuwatupa mateka baharini wakiwa hai. Walitupwa zaidi ya 130. Wenye merikebu, wafanyabiashara wa Liverpool, wakadai bima ya pauni 30 kwa kila kichwa, wakisema maji ya kunywa yalikuwa yanakwisha na ilikuwa lazima kuipunguza "shehena" ili nyingine ipone. Kampuni ya bima ikakataa kulipa. Mahakamani, basi, anabishana tajiri na tajiri kuhusu fidia. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji.

Hoja ilikuwa ya maji, na ni hoja ya kuhesabika. Mvua kubwa ilinyesha Desemba 1, mabaharia wakakinga maji, na bado watu wengine wakatupwa baada ya hapo. Merikebu ilipotia nanga Jamaica Desemba 22 ilikuwa na galoni 420 za maji. Lazima gani hiyo? Mwaka 1783 baraza la wazee wa mahakama liliwapa ushindi wenye merikebu, kisha Lord Mansfield, jaji mkuu, akasikiliza maombi ya bima na kuamuru kesi isikilizwe upya. Hakuna kumbukumbu kwamba ilisikilizwa tena.

Sauti. Dido Elizabeth Belle, binti wa mwanamke aliyekuwa mtumwa na afisa wa jeshi la maji John Lindsay, alilelewa Kenwood, London, katika nyumba ya Mansfield, mjomba wa baba yake. Gugu Mbatha-Raw anamwigiza kwa utulivu unaokata. Filamu yote imo machoni mwake: anaruhusiwa kukaa na familia sebuleni, lakini wageni wakija hali nao mezani. Ni filamu ya mwanamke mweusi anayezungumza, na kuhusu nafsi yake anazungumza vizuri sana. Ila watu wa Zong hawaonekani hata kwa dakika moja. Wanabaki tarakimu kwenye karatasi, kama walivyobaki mahakamani. Kwa mtazamaji makini hilo lina uzito wake. Kwa mtazamaji mchanga ni pengo ambalo mwalimu ataliziba kwa maneno.

Aliyeileta habari ya Zong kwa mwanaharakati Granville Sharp mwezi Machi 1783 alikuwa Olaudah Equiano, Mwafrika aliyenunua uhuru wake mwenyewe. Mtaje kwa kinywa chako. Filamu haimpi nafasi anayostahili.

Historia. Dido alikuwepo, picha iliyochorwa ya yeye na binamu yake Elizabeth ya mwaka 1779 hivi ipo hadi leo katika kasri la Scone, Uskoti. Mengi mengine ni ya kujazia. Hakuna ushahidi kwamba alimpelekea mtu karatasi za kesi au alibadilisha mawazo ya Mansfield. Mume wake, John Davinier, hakuwa mwanafunzi wa sheria mwenye moto wa ukombozi, na walioana Desemba 1793, miaka kumi baada ya kesi. Utajiri mkubwa anaorithi kwenye filamu nao ni wa hadithi: katika wosia wa Mansfield alipewa pauni 500 na pauni 100 kwa mwaka, na wosia huohuo ukaona lazima kuthibitisha kwamba yeye ni mtu huru. Jaji mkuu wa Uingereza aliona uhuru wa binti wa nyumbani mwake unahitaji maandishi. Soma sentensi hiyo mbele ya darasa uone mjadala utakaozuka.

Kosa linalogusa sheria ni hili: hukumu inayosomwa mwishoni imechanganywa na maneno ya kesi nyingine ya Mansfield, ya James Somerset ya Juni 1772. Somerset alikuwa mtumwa aliyetoroka London, akakamatwa na kufungwa ndani ya merikebu ili auzwe Jamaica. Kesi hiyo ilimwachia huru, na ndiyo yenye usemi kwamba utumwa ni jambo baya kiasi kwamba ni sheria iliyoandikwa tu inayoweza kuuhalalisha. Katika kesi ya Zong, Mansfield alisema mbele ya mahakama kwamba kisheria ilikuwa sawa na farasi kutupwa baharini. Aliyeiona filamu peke yake hawezi kulijua hilo.

Ukali. Hakuna damu. Kuna maneno ya kudhalilisha rangi, na kijana mmoja anamshika Dido kwa nguvu. Kuanzia miaka 12 haina shida.

Utendaji. Ni nyepesi kuonyesha: fupi, yenye mwanga, yenye sauti safi. Kinachosumbua ni Kiingereza cha watu wa daraja la juu wa karne ya 18, sentensi ndefu na mafumbo ya mahari na vyeo. Wanafunzi wa kidato cha kwanza watafuata mapenzi na kuiacha kesi. Dawa ni karatasi moja yenye majina sita na maneno manne: bima, shehena, lazima, fidia.

Inawafaa wenye watoto wa rika la kati, wanaotaka kuzungumzia rangi, jinsia na urithi, na wanafunzi wa sheria wanaotaka kuona jinsi mkataba wa bima unavyoweza kumgeuza mtu kuwa mzigo. Anayetaka kuwaona Waafrika wakipambana wenyewe hataipata hapa.

12 YEARS A SLAVE (2013)

Imeongozwa na Steve McQueen. Dakika 134.

Kesi. Mahakama haionekani kabisa. Solomon Northup, aliyezaliwa huru katika jimbo la New York, alilaghaiwa hadi Washington mwaka 1841, akaleweshwa, akauzwa Louisiana. Alipona kwa barua na kwa sheria: New York ilipitisha mwaka 1840 sheria ya kuwarejesha raia wake weusi waliotekwa na kuuzwa utumwani, na wakili Henry B. Northup akatumwa kusini na hati za gavana. Januari 1853 Solomon akawa huru. Filamu inaonyesha mwenye duka akifika na sherifu shambani, na basi. Kesi zilizofuata ziko kwenye maandishi ya mwisho: alimshtaki mfanyabiashara aliyemuuza, lakini katika mji mkuu mtu mweusi hakuruhusiwa kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Mshtakiwa akatoka. Waliomlaghai nao hawakuadhibiwa.

Maandishi hayo hupita kwa sekunde chache wakati watu wamekwisha simama kutafuta viatu. Yasimamishe. Yasome kwa sauti. Ndiyo kesi yote.

Sauti. Hapa ndipo filamu hii inapozishinda zile mbili. Kila kinachoonekana kinaonekana kwa macho ya Solomon, anayeigizwa na Chiwetel Ejiofor, yuleyule Covey wa Amistad, sasa akiwa mkuu wa hadithi. Na yupo Patsey, anayeigizwa na Lupita Nyong'o wetu wa Kenya, aliyepata Oscar kwa kazi hiyo mwaka 2014. Anavuna pamba zaidi ya ratili 500 kwa siku, kuliko mwanamume yeyote shambani, na haimwokoi. Anachapwa kwa sababu alitembea hadi shamba jirani kutafuta kipande cha sabuni. Anapokishika kile kipande na kueleza kwamba ananuka hadi anajitapisha, mtazamaji haelezwi tena utumwa ni nini.

Historia. Imefuata kwa karibu masimulizi ambayo Northup mwenyewe aliyachapisha mwaka 1853, hivyo ndiyo yenye msingi ulio karibu zaidi na mhusika. Majina ya mabwana, mashamba na kazi za kila siku viko sawa. Kilichopunguzwa zaidi ni upande wa kisheria: wakili, hati za gavana na shughuli mbele ya mahakama ya Marksville.

Ukali. Ni mkali kuliko zote. Kuna mtu aliyening'inizwa akigusa ardhi kwa ncha za vidole kwa muda mrefu bila picha kukatwa, kuna kubakwa, na kuna viboko vya Patsey. Usiionyeshe kwa walio chini ya miaka 16 bila mzazi, na hata kwa watu wazima toa taarifa mapema, hasa kama kikundi kina waliowahi kupigwa au kudhulumiwa kingono. Usipange sala, chakula au shughuli ya furaha mara baada yake. Watu huhitaji robo saa ya kimya kabla ya kuzungumza.

Utendaji. Sauti ni muhimu kuliko picha: sehemu nyingi ni pumzi, nzige na minong'ono, na spika ndogo za kompyuta haziwezi. Spika moja ya nje inatosha kwa chumba cha watu 40.

Inawafaa watu wazima na wanafunzi wa juu wanaotaka kuelewa kwa nini uhuru ulikuwa unatafutwa kwa gharama yoyote. Kwa anayetaka kufundisha namna kesi inavyoendeshwa, haina cha kumpa zaidi ya yale maandishi ya mwisho.

Kwa hali yako

Kama una darasa la kidato cha tatu au cha nne na siku mbili, chukua Amistad, toa karatasi ya wadai, na kwenye kipindi kinachofuata uliza juu ya Antonio: kwa nini sheria ileile iliyomwachia Sengbe ilitaka kumrudisha yeye?

Kama una jioni moja na rika limechanganyika, watoto wa miaka 12 wamo na bibi yumo, ni Belle. Ongeza dakika kumi za kumzungumzia Equiano na maji ya Zong, maana filamu yenyewe haitakufanyia kazi hiyo.

Kama ni watu wazima waliokubaliana kukaa na jambo gumu, 12 Years a Slave, na maandishi ya mwisho yasomwe.

Kikundi cha wanafunzi wa sheria kinaweza kuchukua vipande viwili badala ya filamu nzima: kikao cha wadai katika Amistad na usomaji wa hukumu katika Belle, kisha wapambanishe na maneno halisi ya Mansfield na Story. Saa moja inatosha. Kazi ya nyumbani iwe kutafuta ni wapi kila hukumu ilimkomboa mtu bila kuugusa utumwa.

Kama watazamaji wako ni wa Zanzibar, Mombasa au Bagamoyo, watauliza: na huku kwetu? Wape jibu, usiwaache. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873 kati ya Sultani Barghash na Waingereza, lakini utumwa wenyewe ulibaki halali. Amri ya Aprili 1897 ya Sultani Hamoud bin Mohammed haikumfungua mtumwa kwa siku moja. Ilimtaka yeye mwenyewe aende mahakamani kudai uhuru wake, na mwenye mtumwa akalipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo, na ilibidi wasubiri hadi 1909. Kwa watazamaji hao Amistad ndiyo inayoungana vizuri na historia yao, kwa kuwa swali ni lilelile: mtu anasimama mbele ya hakimu na kutakiwa athibitishe kwamba yeye si mali. Tenga nusu saa ya mazungumzo baada ya filamu. Na kama kuna mzee katika mtaa anayejua habari za familia zilizopitia hayo, mwombe ruhusa kwanza na umwache achague cha kusema, kwa sababu kuna nyumba ambazo jambo hilo bado halisemwi hadharani.